Mazembe na Lupopo: Historia Fupi ya Watani wa Jadi wa Katanga

Watani wa jadi wa soka la Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo, walizaliwa mwaka mmoja, 1939, katika mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Mazembe ilitoka shuleni. Watawa Wabenediktini walioongoza Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi walitaka wanafunzi wasioelekea upadre wapate shughuli nyingine, wakaunda timu na kuiita Saint-Georges. Lupopo ni timu ya reli: Mtakatifu Éloi ni msimamizi wa mafundi wa chuma, na mashabiki wake hadi leo huitwa Cheminots, yaani wafanyakazi wa reli.

  

Saint-Georges ilibadili jina mara kadhaa. Iliwahi kuwa Saint-Paul, kisha ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi. Mwaka 1966 ilipotwaa ubingwa wa nchi na makombe mengine bila kushindwa, ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, Mwenye Nguvu Zote. Sifa hiyo ndiyo iliyobaki katika herufi T na P, hata baada ya jina la matairi kuondolewa na Mazembe kushika nafasi yake.

Dabi hii haina kombe lake la pekee. Kinachohama kati ya timu hizi ni ubingwa wa taifa, na kwa miaka michache kombe la Afrika lenyewe lilikuwa likipita Lubumbashi. Fainali ya klabu bingwa ya 1967, dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana, ilikwisha kwa sare mara mbili, 1-1 na 2-2. Mechi ya marudio ikapangwa, Kotoko hawakutokea, na kombe likapewa Englebert. Ushindi huo wa mezani ulizua maneno, lakini yalinyamazishwa katika fainali ya mashindano ya 1968: Étoile Filante ya Togo ilifungwa 5-0 katika mchezo wa kwanza, na ushindi wake wa 4-1 katika wa pili haukutosha. Hakuna klabu nyingine iliyotetea kombe hilo mpaka Enyimba ya Nigeria ilipofanya hivyo mwaka 2004.

La kuchekesha ni kwamba ubingwa wa nchi wa 1968 ulikwenda kwa Lupopo. Wafalme wa Afrika hawakuwa wafalme hata wa mji wao. Englebert ilifika tena fainali mbili, ikashindwa na Ismaily ya Misri mwaka 1969 na Kotoko hao hao mwaka 1970, na kombe likaondoka.

Lilirudi baada ya miaka mingi. Moïse Katumbi, rais wa Mazembe tangu 1997, alitia fedha nyingi katika klabu, ikatwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009 na 2010. Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, iliitoa Internacional ya Brazili kwa 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan ikashinda 3-0. Mwaka 2011 Mazembe ilifungua uwanja wake katika mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi. Lupopo wana makao yao katika uwanja wa Frédéric Kibassa Maliba, katika mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya.

Mazembe iliongeza taji la Afrika la 2015, kisha Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017. Fedha hazikugawanyika sawa, na mizani ya dabi ililemea upande mmoja: ubingwa wa taifa wa mwisho wa Lupopo ulikuwa wa 2002, na ule wa msimu wa 2023-2024 ulikuwa wa 20 kwa Mazembe.