Waya wa mita 20 na historia yake

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo. Nataka kuwasimulia habari ya waya mmoja wa mita 20, na jinsi ulivyonirudisha nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Naishi kwenye ploti ya ghorofa nne hapa Nairobi. Juu ya paa kuna tangi la maji na nguzo za kamba za kuanikia nguo. Mwaka jana nilinunua waya wa shaba Luthuli Avenue, nikaukata vipande viwili vya mita 10 kila kimoja, nikavitandaza toka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo katikati nikaunga kebo inayoshuka hadi dirishani kwangu, kwenye redio ya mawimbi mafupi. Sina leseni ya kurusha matangazo, kwa hivyo kazi yangu ni kusikiliza tu. Usiku wa kwanza niliwasikia watu wa redio za ridhaa wakiongea kutoka Ulaya, wakisalimiana na kuulizana hali ya hewa. Siku ya tatu jirani akaanika blanketi juu ya antena. Siku ya kumi mwenye nyumba akaniita.

"Kijana, wapangaji wanasema unasikiliza simu zao. Na mvua ikija, hiyo waya italeta radi. Toa."

Nikatoa. Lakini jioni hiyo nikajiuliza: hii tabia ya watu kutundika nyaya nyumbani ilianzia wapi?

Inaanza na Heinrich Hertz, mwalimu wa fizikia mjini Karlsruhe, Ujerumani. Kati ya 1887 na 1888 alichukua mikono miwili ya metali, akaacha mwanya mdogo katikati, akarusha cheche hapo. Upande wa pili wa chumba, pete ya waya yenye mwanya wake nayo ikatoa cheche, ingawa haikuunganishwa na chochote. Ile mikono miwili ndiyo babu wa waya wangu; leo tunaiita daipoli. Hertz alifariki 1894 akiwa na miaka 36, na hakuwahi kuona redio hata moja.

Mwaka uliofuata, 1895, kijana Guglielmo Marconi alikuwa akijaribu vifaa vya namna hiyo nyumbani kwa babake karibu na Bologna, Italia. Alipoinua upande mmoja wa antena juu hewani na kuunganisha upande wa pili na ardhi, mawimbi yalifika kama kilomita mbili, hadi nyuma ya kilima. Msaidizi wake aliyekuwa ng'ambo ya pili alijibu kwa kufyatua bunduki. Waya ukipanda, mawimbi yanafika mbali. Desemba 1901, huko Newfoundland, Marconi alitumia tiara kuinua waya wake, akasema amesikia herufi S iliyotumwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayoipenda.

Kufikia 1912 Marekani ilikuwa na vijana wengi wenye mitambo ya kujitengenezea, na kelele zao ziliwakera wanamaji na makampuni. Sheria ya mwaka huo ikawafukuza hadi mawimbi ya mita 200 kurudi chini. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba ukitaka kufika mbali lazima utumie mawimbi marefu. Hayo mafupi yalionekana takataka. Ni kama kugawa urithi, halafu kitinda mimba anapewa kile kipande cha mawe.

Vijana hawakuondoka. Walilima mawe.

Desemba 1921 chama chao, ARRL, kilimtuma Paul Godley hadi Ardrossan, Scotland, kuona kama mitambo ya nyumbani inaweza kusikika ng'ambo ya bahari. Godley alipiga hema shambani karibu na pwani, katika baridi na mvua, akatandaza waya wa takribani mita 400 juu ya vijiti vifupi. Antena hiyo ilibuniwa na Harold Beverage. Haiendi juu, inalala chini na kuelekezwa upande unaotaka kusikiliza. Usiku baada ya usiku Godley alikaa na vipaza sauti masikioni, na akasikia mitambo kadhaa ya Marekani. Mmoja wao, 1BCG wa Connecticut, ulimtumia ujumbe mzima kwenye wimbi la mita 230 hivi.

Novemba 1923 wakashuka zaidi, hadi karibu na mita 100. Léon Deloy akiwa Nice, Ufaransa, aliongea kwa Morse na Fred Schnell wa Connecticut. Hayo yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya wanaridhaa kuvuka Atlantiki, kwenda na kurudi. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell, mkulima wa Shag Valley, New Zealand, akazungumza na Cecil Goyder, mwanafunzi wa Mill Hill School, London. Mkulima na mwanafunzi! Sehemu mbili zinazokaribia kuwa pande tofauti kabisa za dunia. Baadaye Brenda, dadake Frank, akaushika mtambo huo, na 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuwasiliana na Afrika Kusini kwa redio.

Ilikuwaje? Juu angani kuna tabaka za hewa zenye chaji za umeme, zinazoitwa ionosfia. Mawimbi mafupi yanafika huko, yanarudishwa chini, yanadunda tena, kama mpira kati ya sakafu na dari. Edward Appleton alithibitisha tabaka hizo kwa majaribio mwishoni mwa 1924. Sitawadanganya kwamba wanaridhaa walikuwa peke yao; kampuni ya Marconi nayo ilikuwa ikijaribu mawimbi mafupi miaka hiyo, na 1926 ikafungua huduma ya kibiashara kati ya Uingereza na Kanada. Lakini wale waliopewa mawe ndio walioonyesha kwamba hata mtu wa nyumbani anaweza kuuzungukia ulimwengu.

Mwaka huo huo wa 1926, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa chuo kikuu cha Sendai, Japani, walichapisha habari za antena ya vijiti vilivyopangwa sambamba. Mnaijua. Ni ile inayofanana na mfupa wa samaki, ambayo mafundi wa jua kali wanaikunja kwa alumini na kutuuzia kwa ajili ya televisheni. Kwa hivyo ukiinua macho mtaani kwako, unaangalia kazi ya Uda na Yagi.

Na sisi tumo. Kabla ya uhuru, miito ya wanaridhaa wa Kenya ilianza na VQ4. Baadaye ikawa 5Z4, na hivyo ndivyo dunia inavyotutambua hadi leo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya 142.5 kwa masafa ya MHz, unapata urefu wa daipoli kwa mita. Kwa 7.1 MHz ni mita 20 na kidogo. Programu ya mistari miwili tu.

Nilirudi kwa mwenye nyumba nikiwa na redio mkononi. Nikamwambia, "Mzee, hii haiwezi kusikiliza simu. Sikiliza mwenyewe." Tukaunga waya kwenye uzio wake, akainamisha kichwa, akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema nyumbani kwao kijijini babake alikuwa na redio ya betri, na waya wake ulitoka dirishani hadi kwenye mti wa mugumo. Ukianguka, yeye ndiye aliyetumwa kuupandisha.

Kuhusu radi hakuwa amekosea, nami nilikubali. Tumeafikiana: waya ukae mbali kabisa na nyaya za stima, na mvua ikitanda niichomoe kebo na kuiacha nje ya nyumba. Wapangaji wakiuliza, yeye ndiye atakayewajibu.

Waya umerudi juu tangu Jumamosi. Jirani bado anaanika blanketi. Nimemnunulia kamba yake.

Hadi wakati mwingine.