Walioachiana Ziwa
Sehemu ya Kwanza: Mizunguko Minne

Msomaji wangu, hebu niambie, wewe ungefanyaje?

Kaka yako anakitaka kiti fulani miaka nenda miaka rudi. Mtaa mzima unajua. Mama anajua. Wewe mwenyewe unajua. Siku kiti kinapobaki wazi, nawe roho inakutuma ukigombee.

Ungethubutu? Usinijibu sasa. Twende kwanza.

Tuko Uingereza, Mei 2010. Chama cha Labour kimetawala miaka 13 na wananchi wamekichoka. Uchaguzi wa tarehe 6 umekiachia viti 258 katika bunge la viti 650. Wahafidhina wa David Cameron wamekizidi, na ingawa nao hawakufika nusu, chama cha Liberal Democrats kinakubali kuunda nao serikali.

Tarehe 11, Waziri Mkuu Gordon Brown anatoka Namba 10, makao yake, na mkewe, wameshikana mikono na wana wao wawili wadogo. Kazi imekwisha. Uwaziri mkuu umekwenda, na uongozi wa chama ameuacha.

Nani sasa?

Kesho yake tu, David Miliband anasimama nje ya Bunge na kusema anautaka uongozi. Nani angeshangaa? Ana miaka 44, na hadi juzi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Alan Johnson, mzito aliyetajwatajwa kuwa angefaa, hagombei. Anamuunga mkono David.

Njia nyeupe, au siyo?

Subiri. Jumamosi ya tarehe 15, mtu wa pili anajitokeza. Jina lake la ukoo ni Miliband.

Ed. Miaka 40. Mdogo wake David, baba mmoja, mama mmoja, walioachiana ziwa.

Najua unataka nikimbie mbele. Sikimbii, maana usipoijua nyumba hii hutaumia inavyostahili.

Baba yao, Ralph, alikuwa kijana wa Kiyahudi wa miaka 16 alipoikimbia Ubelgiji na baba yake mwaka 1940, majeshi ya Hitler yakiingia. Mama yao, Marion Kozak, ni Myahudi wa Poland aliyeokoka vita hivyo akiwa mtoto. Walikutana Uingereza wakapata wana wawili, basi. Ralph akawa msomi mkubwa wa siasa za Kimarx, na Labour yenyewe hakuiamini kwamba ingeweza kuleta ujamaa. Alifariki mwaka 1994.

Wanawe wakaingia chama kilekile. David alipita Oxford, chuo cha Corpus Christi; Ed akaja chuo hichohicho, somo hilohilo. David akawa mbunge mwaka 2001. Ed mwaka 2005. Chini ya Brown wakakaa wote wawili kwenye meza ya baraza la mawaziri.

Kila mahali kaka alitangulia. Hii ndiyo mara ya kwanza mdogo anataka kumpita.

Na hiyo 2001 na 2005 ishike vizuri mkononi. Katikati yake kuna Machi 2003, Bunge linapiga kura kuivamia Iraki. David alikuwemo, na alipiga kura ya ndiyo. Ed hakuwa mbunge bado. Nitakudai jambo hili baadaye.

Wagombea wengine? Ed Balls na Andy Burnham, mawaziri wa juzi wote wawili. Na Diane Abbott, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia bunge la Uingereza, mwaka 1987.

Diane ana tatizo. Kila mgombea lazima adhaminiwe na wabunge 33, na yeye hawafikishi. Siku ya mwisho, 9 Juni, mbunge John McDonnell, aliyetaka kugombea pia, anajitoa ili nafasi yake imfae mama huyu. Bado wanapungua. Nani anakuja kumdhamini?

David Miliband. Mpinzani wake mwenyewe anaweka jina lake kumdhamini mwanamke pekee kwenye kinyang'anyiro. Diane anapita na 33 kamili.

Uungwana mtupu. Lakini hilo nalo lishike.

Kura zenyewe wakati huo zinapigwa hivi: theluthi moja ya uzito ni ya wabunge wa chama katika Bunge la Uingereza na Bunge la Ulaya, theluthi ya wanachama wa kawaida, theluthi ya vyama vya wafanyakazi na jumuiya shirika. Mpiga kura anapanga majina kwa namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Anayeshika mkia anatolewa, na kura zake zinakwenda kwa aliyefuata kwenye karatasi.

Wabunge wengi wanamtaka David. Wanachama wengi pia. Lakini vyama vitatu vikubwa vya wafanyakazi, Unite, GMB na UNISON, vimewaambia watu wao: Ed.

Miezi minne ndugu hawa wanazunguka nchi nzima wakikaa jukwaa moja, wakiitana kwa upole. Mimi naamini upole ule ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Sasa ingia nami ukumbini. Manchester, Jumamosi, 25 Septemba.

Ann Black, anayeongoza kamati kuu ya chama, ndiye mwenye matokeo. Wagombea watano wameketi mbele. Kamera zote zinatafuta nyuso mbili tu.

Mzunguko wa kwanza. David, asilimia 37.78. Ed, 34.33. Diane, 7.42, ametoka.

Kaka anaongoza kwa zaidi ya pointi tatu. Pumua.

Mzunguko wa pili. Kura za Diane zinagawanywa. Ukumbuke nani alimwokoa! David anaongezewa 1.11. Ed anaongezewa 3.14.

Umeona? Mlango alioufungua kaka, amepita mdogo. Pengo limebaki 1.42.

Burnham anatolewa. Mzunguko wa tatu: David 42.72, Ed 41.26. Kaka bado yuko mbele! Amebaki Balls na kura zake, asilimia 16.02, na wapiga kura wake ndio watakaoamua nyumba ya Ralph na Marion ilale vipi usiku huu.

Mzunguko wa nne.

David Miliband: asilimia 49.35.

Huhitaji kusubiri namba ya pili, msomaji wangu. Ed, 50.65.

Ukumbi unalipuka. David anasimama, anamkumbatia mdogo wake kwa nguvu, anatabasamu. Itazame picha ile vizuri uniambie mtu anatabasamuje hivyo akiwa ameshindwa kwa pointi 1.3.

Nikuongezee uchungu? Katika mzunguko huo David alishinda kwa wabunge, 140 kwa 122. Alishinda kwa wanachama. Theluthi ya vyama vya wafanyakazi ndiyo iliyombeba Ed. Wabunge sita, sita tu, wangeegemea upande wa pili, kiti kingekuwa cha kaka.

Unadhani yameisha? Ndiyo kwanza yanaanza.

Jumatatu, kwenye mkutano wa chama, David anapanda jukwaani na kukitaka chama kishikamane. Wanampigia makofi kwa kusimama. Vizuri.

Jumanne ni zamu ya Ed, hotuba yake ya kwanza akiwa kiongozi. David ameketi mbele, karibu yake Harriet Harman, aliyekaimu uongozi tangu Mei. Ed anafika kwenye Iraki. Anasema Uingereza ilikosea kwenda vitani.

Nilikwambia nitakudai.

Harman anapiga makofi. David hapigi. Anamgeukia, midomo inacheza, na kamera ya televisheni inainasa sauti: mbona unapiga makofi, nawe ulipiga kura ya ndiyo? Harman anamjibu: huyu ndiye kiongozi.

Ndani ya saa chache nchi nzima imesikia.

Na kuna saa nyingine inayokimbia. Wakati huo mawaziri kivuli wa Labour wanachaguliwa na wabunge wenzao, na mwisho wa kurudisha fomu ni Jumatano, saa 11 jioni. Akirudisha, kaka atakaa mezani chini ya mdogo wake, kila hotuba, kila kukonyeza jicho, kamera zikiwahesabia. Asiporudisha, ataonekana amesusa.

Jumatano imefika. Waandishi wa habari wamejaa nje ya nyumba ya David, London.

Saa tisa, fomu haijarudi. Saa kumi, haijarudi. Saa kumi na nusu...

Itaendelea Jumamosi ijayo.