Uhusiano wa eksirei na urujuanimno katika kwasari

Uhusiano wa eksirei na urujuanimno katika kwasari ni kanuni ya astronomia inayolinganisha nguvu ya aina mbili za mnururisho unaotoka katika kwasari. Kwasari ni kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali, ambamo gesi huzunguka shimo jeusi kubwa kabla ya kumezwa nalo.

Asili ya mnururisho

Gesi hiyo hujipanga kama sahani bapa. Msuguano huipasha joto hadi itoe nuru nyingi, hasa urujuanimno. Karibu na shimo jeusi kuna pia eneo la elektroni zenye joto kali zaidi, liitwalo korona. Fotoni za urujuanimno zikigongana na elektroni hizo huongezewa nishati na kuwa eksirei.

Kanuni

Kwa kawaida urujuanimno hupimwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 250, na eksirei kwenye nishati ya kiloelektronivolti 2. Eksirei huongezeka pamoja na urujuanimno, lakini polepole zaidi, kwa kipeo cha takriban 0.6. Kwasari inayoizidi nyingine mara 10 kwa urujuanimno huizidi mara 4 hivi tu kwa eksirei. Ikiizidi mara 100, eksirei huzidi mara 16 hivi. Sababu ya kipeo hicho bado haijaelezwa kikamilifu.

Historia

Angahewa ya Dunia huzuia eksirei, hivyo lazima zipimwe kutoka anga-nje. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, kituo cha Italia kilichokuwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, satelaiti hiyo ya Marekani ilipewa jina la Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei, kimojawapo kikiwa kwasari 3C 273. Kiongozi wa mradi, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Mwaka 1979 Harvey Tananbaum, aliyekuwa pia katika mradi wa Uhuru, pamoja na wenzake walichapisha vipimo vya eksirei vya kwasari nyingi kwa kutumia darubini ya anga-nje iitwayo Einstein.

Matumizi

Umbali hupunguza eksirei na urujuanimno kwa kiasi kilekile. Kama aina hizo mbili zingeongezeka sawasawa, uwiano wake usingesema lolote kuhusu umbali. Kwa kuwa haziongezeki sawasawa, uwiano huo hudokeza ung'avu halisi wa kwasari. Ukilinganishwa na ung'avu unaoonekana, umbali hukadiriwa.

Guido Risaliti na Elisabeta Lusso walitumia njia hiyo kuchunguza upanuzi wa ulimwengu. Mwaka 2019 waliripoti kwamba kwasari za mbali sana hazikubaliani vizuri na modeli ya kawaida ya kosmolojia. Matokeo hayo yanabishaniwa, kwa sababu kwasari mojamoja hutofautiana na kanuni, na vumbi au gesi iliyo njiani inaweza kupotosha vipimo.