Kwa nini Kiingereza bado hupindua sentensi

Wanafunzi wengi hushangaa wakikutana na sentensi kama hii: "Standing at the door was an old man." Kiima kimesukumwa hadi mwisho, na kishazi cha -ing kimeketi mbele kama mwenye boma. Je, huo ni urembo tu wa waandishi wa riwaya? La hasha! Ni masalia ya sarufi kongwe.

Katika Kiingereza cha Kale, kile cha enzi ya Mfalme Alfred katika karne ya 9, kitenzi cha sentensi kuu kilipenda nafasi ya pili. Ukianza na neno lenye maana ya 'hapo' au 'basi', kitenzi kilifuata papo hapo, kiima kikaja nyuma. Kijerumani kingali hivyo hadi leo. Isitoshe, nomino zilikuwa na viambishi tamati vilivyosaidia kumtambulisha mtenda na mtendwa. Viambishi hivyo vilichakaa (wengi huwalaumu Wanormani wa 1066, ingawa uchakavu ulianza kabla yao) na mpangilio wa maneno ukabebeshwa mzigo huo. Upinduaji ukabaki mahali pachache, hasa baada ya ukanushi, "Never have I seen", na baada ya maneno ya mahali.

Baadaye jarida la Time, lililoanzishwa mwaka wa 1923, liliufufua kwa fujo. Mhariri wake, Briton Hadden, alikuwa mpenzi wa Homer. Mwaka wa 1936 Wolcott Gibbs aliudhihaki mtindo huo katika The New Yorker, na kwa maoni yangu dhihaka ilistahili.

Sasa tutazame kwetu. Nasi husema, "Mlangoni pamesimama wazee wawili." Kitenzi chetu, kwa kiambishi pa-, kimepatana na mahali, si na wazee. Kiingereza hakina ruhusa hiyo: kiima kikiwa mwisho bado ndicho kinachotawala kitenzi. Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika "Standing at the door was two old men", naye mwalimu humwekea alama nyekundu bila maelezo. Kijana huyo si mzembe. Amefuata mantiki ya pa-, na hakuna aliyemwambia kwamba "were" inawangoja wale wazee walio mwishoni.