Foleni, Sanduku na Karabai

Sisi walimu wa Kitale tuliofanya ukarani wa kura tulianza wakati kura haikuwa na karatasi. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama cha KANU, watu walijipanga nyuma ya mgombea au picha yake, na kuhesabu kulikuwa ni kutembea ukigusa mabega. Mlolongo ukishavunjika, ungerudia kuhesabu nini? Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bungeni. Mbele ya bosi wako au chifu, kusimama nyuma ya mgombea mwingine kulihitaji moyo.

Desemba 29, 1992, karatasi zilirudi, tatu kwa kila mpigakura: rais, mbunge, diwani. Masanduku yaliletwa kwenye ukumbi mmoja wa kila eneo bunge. Wenzetu wa Bungoma waliongoja masanduku ya Mlima Elgon wanajua safari hiyo: giza, tope, na wakala wa mgombea aliyekataa kuliacha sanduku hata akienda haja. Diwani, ambaye kijiji kilimjua kuliko rais, alisubiri zamu yake ya kuhesabiwa.

Mwaka 2002 hesabu ilihamia kituoni penyewe. Darasani, chini ya karabai, mawakala walitia sahihi Fomu 16A kabla sanduku halijasafiri.