Mikono Iliyomjenga Daktari: Historia Fupi ya Doctor Who

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963, saa 11:16 jioni, BBC ilirusha sehemu ya kwanza ya tamthilia mpya ya familia. Siku haikuwa njema. Rais Kennedy wa Marekani alikuwa ameuawa siku moja kabla, na Waingereza waliokaa mbele ya televisheni walikuwa wakingoja habari za Dallas, si hadithi ya mzee asafiriye katika wakati. Wiki iliyofuata ilibidi BBC irudie sehemu ile ile kabla ya kuonyesha ya pili. Hivyo ndivyo Doctor Who ilivyozaliwa: msibani, na karibu isionekane.

Wazo lake linaelezeka kwa pumzi moja. Mzee asiye na jina ila Daktari anasafiri katika zama na sayari zote ndani ya TARDIS, chombo ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha simu ya polisi, cha aina iliyokuwa imetapakaa katika mitaa ya London, na kwa ndani ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Katika kisa cha kwanza anaambatana na mjukuu wake, Susan, na walimu wawili wa shule walioingia kibandani bila kualikwa. Kwa zaidi ya miaka 60 tangu hapo, waigizaji wakuu wamekuja na kuondoka, na kila mmoja amesifiwa kwa haki. Lakini ukivichunguza visa vya zamani vinavyosherehekewa hadi leo, utaona kwamba vingi vilisimama kwa kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye skrini, au yaliandikwa kwa herufi ndogo yakapita upesi. Hao ndio ninaotaka wakumbukwe hapa.

Aliyetaka tamthilia iwepo ni Sydney Newman, Mkanada aliyekuwa mkuu wa idara ya maigizo ya BBC. Kazi ya kuitayarisha alimkabidhi Verity Lambert, mwanamke wa miaka 27, katika idara ambayo wakati huo haikuwa na mtayarishaji mwanamke mwingine. Mwongozaji wa kisa cha kwanza alikuwa Waris Hussein, kijana wa miaka 24 mzaliwa wa Lucknow, India. Wawili hao walipewa Studio D ya Lime Grove, chumba cha zamani chenye joto kali na kamera nzito. Kukata na kuunga kanda za video kulikuwa ghali, kwa hiyo kila sehemu ilirekodiwa karibu mfululizo, na mwigizaji akikosea neno, kosa lilibaki. Newman alipoitazama sehemu ya majaribio aliikataa. Milango ya TARDIS ilikuwa inagoma kufunga, na Daktari wa William Hartnell alionekana mkali kupita kiasi. Badala ya kuwafukuza vijana wale, aliwaruhusu kurekodi upya. Mambo mengi katika historia hii yalitegemea bahati, ila uamuzi huo ulikuwa wa mtu mwenye jicho.

Muziki ndio ulioifanya tamthilia iwe kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Ron Grainer aliandika noti, kisha karatasi ikapelekwa Maida Vale, kwenye karakana ya sauti ya BBC iliyoitwa Radiophonic Workshop, ikaangukia mikononi mwa Delia Derbyshire. Mama huyu alikuwa amesoma hisabati na muziki Cambridge. Hapakuwa na kinanda cha elektroniki cha kudonoa. Alirekodi mlio wa uzi mmoja uliochunwa, akarekodi milio ya vifaa vya kupimia mitambo, akaiharakisha au kuipunguza mwendo hadi itoe noti aliyoitaka, kisha akaikata kila noti kwa wembe na kuiunga na mwenzake, kipande kwa kipande. Siku sauti zilipokataa kwenda pamoja, yeye na msaidizi wake Dick Mills walizikunjua kanda sakafuni, kwenye korido ndefu ya jengo, wakazilinganisha kwa macho hadi wakakipata kipande kilichozidi. Grainer aliposikia matokeo alishangaa, akataka Derbyshire atambuliwe kuwa mtunzi mwenzake. BBC haikukubali. Jina lake liliandikwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza mwaka 2013, miaka 12 baada ya kifo chake. Binafsi naliona hilo kuwa deni lililolipwa kwa kuchelewa mno. Mwenzao Brian Hodgson ndiye aliyeupata mlio wa TARDIS inapoondoka: aliukwaruza ufunguo wa mlango wa mama yake juu ya waya wa besi wa piano kuukuu, akaichezea sauti ile kwenye kanda. Mlio huo unatumika hadi leo.

Newman alikuwa amepiga marufuku majitu ya kutisha watoto. Verity Lambert akamletea Dalek. Mwandishi Terry Nation aliwaandika kwenye mswada viumbe wenye chuki wanaoishi ndani ya mashine, lakini umbo lilibuniwa na Raymond Cusick, mwajiriwa wa BBC. Alitengeneza kitu kisicho na miguu, kinachoteleza sakafuni, chenye jicho moja refu, na mkono ambao kwa kweli ulikuwa mpira wa kuzibulia sinki. Ndani alikaa mwigizaji akikisukuma kwa miguu yake juu ya magurudumu madogo. Dalek wanne tu walitengenezwa kwa kisa kile cha kwanza, Desemba 1963, na kufikia mwaka uliofuata watoto wa Uingereza walikuwa wakiiga sauti yao kwenye viwanja vya shule. Nation alipata fedha nyingi kutokana na vitu vya kuchezea vilivyouzwa madukani. Cusick, kwa kuwa alikuwa mtu wa mshahara, hakuwa na haki ya gawio. Katika kisa cha 1964, The Dalek Invasion of Earth, Dalek wanapita juu ya daraja la Westminster katika London iliyotekwa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka 19 tu nyuma, na wazazi waliokaa kando ya watoto wao hawakuhitaji kuelezwa wanatazama nini.

Mwaka 1966 afya ya Hartnell ilikuwa imedhoofika. Tamthilia nyingine ingefungwa hapo, au ingemweka mtu mwingine na kujifanya hakuna kilichotokea. Mtayarishaji Innes Lloyd na wenzake waliifanya kasoro hiyo kuwa sehemu ya hadithi: mwishoni mwa The Tenth Planet, tarehe 29 Oktoba 1966, Daktari anaanguka sakafuni na kuinuka akiwa na sura ya Patrick Troughton. Kila Daktari aliyefuata anaishi kwa sheria iliyotungwa siku hizo. Katika kisa hicho hicho kuna jambo linalopaswa kutajwa mara nyingi zaidi. Mmoja wa wanaanga waliomo katika chombo cha angani anaigizwa na Earl Cameron, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda, na hakuna anayelishangaa jambo hilo. Mtu mweusi wa kwanza kufika angani kweli, Mcuba Arnaldo Tamayo Méndez, alikwenda mwaka 1980.

Miaka ya Jon Pertwee kuwa Daktari ilileta rangi. Spearhead from Space, Januari 1970, ilipigwa yote kwa filamu nje ya studio kwa sababu ya mgomo wa wafanyakazi, na masanamu ya kuvalishia nguo yanayoshuka kutoka madirisha ya maduka na kuwapiga risasi wapita njia bado yanatisha. Kisha akaja Tom Baker, aliyekaa miaka 7, mingi kuliko ya mwingine yeyote, na skafu yake. Mbunifu wa mavazi, James Acheson, alimpelekea mfumaji Begonia Pope mafungu ya sufu ya rangi mbalimbali ili achague. Mama huyo alizifuma zote. Skafu ikatoka ndefu kuliko mvaaji, Baker akaipenda, na ikawa alama inayotambulika duniani kote.

Kama ningeruhusiwa kukihifadhi kisa kimoja tu, kingekuwa Genesis of the Daleks cha 1975. Mwandishi ni Terry Nation tena, mwongozaji David Maloney, na nyuma yao wako mtayarishaji Philip Hinchcliffe na mhariri wa miswada Robert Holmes. Daktari anatumwa Skaro, sayari iliyochakazwa na vita vya vizazi vingi, azuie Dalek wasiwepo kamwe. Anamkuta Davros, mwanasayansi kilema anayeigizwa na Michael Wisher chini ya kinyago kizito, mtu mwenye akili na adabu ya mazungumzo ambaye yuko tayari kuwaangamiza watu wake ili kiumbe chake kiishi. Mwishoni Daktari amesimama na nyaya mbili mkononi. Akizigusanisha, chumba cha vizimba vya Dalek kitalipuka na historia itabadilika. Msafiri mwenzake Sarah Jane, anayeigizwa na Elisabeth Sladen, anamhimiza: hata kijidudu cha ugonjwa angekiua bila kufikiri mara mbili. Daktari anasita, anajiuliza kama anayo haki hiyo. Kipindi hiki kilionyeshwa jioni ya Jumamosi kwa watoto waliokuwa wanangoja chakula cha usiku, na hakikuwapa jibu rahisi. Sijui tamthilia nyingi za watu wazima zilizothubutu hivyo.

Kuna furaha pia. City of Death ya 1979, iliyopelekwa Paris na kuandikwa kwa sehemu kubwa na Douglas Adams, ina michoro kadhaa ya Mona Lisa, yote halisi, na maneno yanayorushwa huku na huku kama mpira. Kituo kikubwa kilichoshindana na BBC kilikuwa kimefungwa na mgomo, na sehemu ya mwisho ikatazamwa na watu milioni 16. The Caves of Androzani ya 1984, ya Robert Holmes na mwongozaji Graeme Harper, ni kinyume chake kabisa. Hakuna dunia ya kuokolewa. Kuna wafanyabiashara na majeshi wanaouana kwa ajili ya dawa ya kurefusha maisha, na Daktari wa Peter Davison aliyeathiriwa na sumu pamoja na msichana Peri, ambaye hajamjua kwa muda mrefu. Dozi ya kuponya ni moja. Anampa yeye. Mwaka 2009 wasomaji wa jarida la tamthilia hii walipopigia kura visa 200, hicho ndicho kilichoshika nafasi ya kwanza.

BBC iliiacha tamthilia ikome Desemba 1989. Filamu ya 1996 haikuifufua. Russell T Davies ndiye aliyeirudisha, tarehe 26 Machi 2005, na visa kama Blink cha 2007 vimeshaingia kwenye orodha ya vile vya kukumbukwa.

Lakini visa vya miaka ya sitini vilikaribia kupotea vyote. Kanda za video zilikuwa ghali na ziliweza kutumika tena, mikataba ya waigizaji ilibana marudio, na rangi ilipokuja, soko la picha nyeusi na nyeupe likafa. BBC ikazifuta kanda, na baadaye ikaziteketeza hata nakala za filamu zilizotengenezwa kwa kuuzwa nje. Waliookoa walikuwa watazamaji. Watoto na vijana waliweka kinasa sauti mbele ya televisheni sebuleni, na kwa sababu yao sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. John Cura alikuwa akiipiga skrini picha kipindi kikiendelea na kuwauzia watengenezaji picha hizo. Tendo la Hartnell kugeuka kuwa Troughton limebaki kwa sababu kipindi kingine cha watoto, Blue Peter, kilikiazima kipande hicho.

Na hapa ndipo bara letu linapoingia. Nakala za filamu ziliuzwa kwa vituo vya nchi nyingi, zikiwemo Kenya na Uganda, zilizoonyesha visa vya Hartnell televisheni ilipokuwa changa. Mara nyingi kituo kilipomaliza, kilipeleka makopo kwa nchi inayofuata, au kiliyarudisha, au kiliyateketeza. Baadhi yalisahauliwa kwenye rafu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba Mwingereza Philip Morris alikuwa ameyakuta makopo katika kituo cha televisheni cha Jos, Nigeria, yakiwa na vumbi na jina la tamthilia kwenye utepe wa gundi. Ndani mlikuwa na sehemu 9 za Troughton zilizodhaniwa zimekwisha: sehemu zilizokuwa zimekosekana za The Enemy of the World, na nne za The Web of Fear, kisa cha majitu ya theluji katika njia za treni chini ya London. Njia hizo zilijengwa studio kwa ustadi mkubwa mno, hadi ikasimuliwa kwamba wenye treni walilalamika BBC imerekodi kwao bila ruhusa.

Miaka kumi baadaye Daktari akawa Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, ambaye familia yake ilikimbilia Scotland kutokana na mauaji ya kimbari ya 1994.

Zaidi ya sehemu 90 za zamani hazijapatikana. Anayetaka kuziona kwa njia iliyopo aanze na The Power of the Daleks, kisa cha kwanza cha Troughton, ambacho hakuna hata sehemu yake moja iliyonusurika. Mwaka 2016 wachoraji wa vibonzo walizichora sehemu zote sita upya, wakitumia picha za Cura kujua nani alisimama wapi, na sauti zilizonaswa sebuleni mwa watu nusu karne nyuma kujua nani alisema nini.