Kumsikiliza mtu Katanga: kutoka kambi za Union Minière mpaka kituo cha gari la moshi cha Likasi

Siku hizi neno «écoute» linajulikana hata kwa mama asiyejua Kifaransa. Familia zilizokimbia vita kule Mitwaba, Pweto na Manono zimelizoea. Mtu wa shirika anafika na daftari, anapewa kiti, anauliza habari, ananyamaza. Hakatizi. Ukimaliza anarudia kwa maneno yake yale uliyosema, ili uone kama amekuelewa. Hakuhukumu na hakupi shauri haraka. Wengi wanasema moyo unapungua uzito. Wengine wanauliza bila haya: tumekwisha kusikilizwa, na posho iko wapi?

Swali hilo si utovu wa adabu. Katika Katanga lina zaidi ya miaka 80, na watu wa Likasi ni kati ya waliolianza.

Kwanza, namna yenyewe ya kusikiliza ilitoka wapi. Aliyeieneza duniani ni Mmarekani Carl Rogers, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufa mwaka 1987. Wakati wake waganga wa roho wa Ulaya na Marekani walimtazama mtu kama mgonjwa wa kuchunguzwa, au kama mnyama wa kufundishwa kwa zawadi na adhabu. Rogers alikataa yote mawili. Alisema mtu anayeteseka ana nguvu ya kujitengeneza ndani yake mwenyewe, akipata mtu mwingine aliye mkweli mbele yake, anayempokea bila masharti na anayejaribu kuyaona mambo kwa macho yake. Alimwita «mteja», siyo mgonjwa. Yeye na wenzake, kama Abraham Maslow, walianzisha kile kinachoweza kuitwa saikolojia ya utu. Miaka ya 1960 ilienea Marekani kama moto wa kiangazi: watu wasiojuana walikaa duara siku mbili tatu wakifunguliana mioyo, na filamu moja juu ya kundi la Rogers ilipata tuzo ya Oscar. Walikuita huko «kukutana».

Maslow naye anajulikana zaidi bila watu kumjua. Piramidi inayochorwa ubaoni katika semina za biashara, na siku hizi hata katika makanisa ya uamsho, inabeba jina lake: chini chakula, juu yake usalama, kisha mapendo, kisha heshima, na kileleni mtu kuwa yule anayeweza kuwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba Maslow hakuichora. Alitoa mawazo yake mwaka 1943, na aliandika wazi kwamba mpangilio ule si wa chuma, kuna watu unageuka kwao. Piramidi ilichorwa na wengine baadaye, watu wa kufundisha wakubwa wa makampuni. Ndiyo maana inasomeka kama amri: shiba kwanza, heshima utaiona mbele.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita kuu, bei zilikuwa zimepanda na kazi imeongezwa. Wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma, hapa Jadotville, yaani Likasi ya leo, na kule Elisabethville. Waliomba mshahara. Tarehe 9 Desemba askari walipiga risasi kundi la wagomaji katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na msemaji wao Léonard Mpoyi akauawa. Hapa Jadotville pia damu ilimwagika. Wazee waliokulia Panda na Shituru walisikia habari hizo kwa wazazi wao, kwa sauti ya chini. Kampuni iliwapa watu wake nyumba, hospitali, shule na posho ya kila juma. Kwa hesabu ya piramidi, ngazi za chini zilikuwa zimejaa kiasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wanataka nini, na mshahara wa kutosha. Vyote viwili pamoja.

Miaka minne baadaye, mwaka 1945, kitabu kidogo kilitoka Elisabethville: «La Philosophie bantoue». Mwandishi alikuwa padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, aliyefika Kongo mwaka 1933 na kuishi kati ya Waluba. Alisema Mbantu ana falsafa yake kamili, na kiini chake ni nguvu ya uzima inayoongezeka au kupungua kati ya mtu na mtu. Wakati ule mzungu kusema hivyo lilikuwa jambo la kushangaza, na wakubwa kadhaa wa Kanisa hawakupendezwa.

Lakini kitabu kilipata pia adui mwingine, mtu mweusi. Aimé Césaire wa Martinique, katika maandishi yake juu ya ukoloni, alimdhihaki Tempels vikali. Kwa ufupi alisema hivi: basi ni rahisi kweli, mabwana wa madini wasijisumbue na mshahara, nyumba wala chakula, kwa sababu Mbantu hataki hivyo, anataka tu nguvu yake ya uzima iheshimiwe! Ukikumbuka uwanja wa mpira wa 1941, maneno hayo yanauma. Césaire alikuwa na haki katika jambo hilo. Heshima inaweza kutumiwa kama sarafu bandia ya kumlipa mwenye njaa.

Hata hivyo Tempels hakubaki alipokuwa. Mwaka 1962, katika kitabu chake «Notre rencontre», yaani «Kukutana kwetu», alisimulia kosa lake mwenyewe. Kwa miaka kama kumi alikuwa amekuja kama bwana: anasema, watu wanaitikia, wakitoka wanaendelea na yao. Siku moja akaacha kufundisha, akawauliza watu wao ni watu gani, wanatafuta nini katika maisha. Majibu aliyapanga katika maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Akaona kwamba hayo matatu ndiyo aliyokuwa akiyatafuta yeye pia. Hapo, asema, walikutana mtu na mtu.

Mwaka 1953 alipelekwa Ruwe, kambi ya wafanyakazi karibu na Kolwezi. Huko ilizaliwa Jamaa. Ilikuwa ndani ya Kanisa Katoliki, lakini wenye kuibeba hawakuwa mapadri. Walikuwa wachimbaji na wake zao, waliojiita baba na mama. Mtu hakuingia peke yake, mume na mke waliingia pamoja. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, jioni, nyumbani kwa watu, kwa mazungumzo marefu ya kufunguliana moyo, hatua kwa hatua. Waliowafundisha wengine walihesabiwa kuwa wamewazaa, na wale wakawa watoto wao, hata kama wa kabila lingine. Padri mwenyewe angeweza kuwa mtoto wa mfanyakazi wa mgodi. Katika Kongo ya Wabelgiji, ambako bibi mwenye nyumba mzungu aliweza kumwita mtumishi mzee «boy», hilo halikuwa jambo dogo.

Jamaa ikaenea katika miji ya madini, Kolwezi, Jadotville, Elisabethville, mpaka Kasai. Mtaalamu Johannes Fabian alikuja miaka ya 1960 kusikiliza mafundisho yao na mwaka 1971 akaandika kitabu kizima juu yao. Tazama tarehe: Wamarekani walipoanza kukaa duara na kuita jambo hilo «kukutana», watu wa Ruwe walikuwa wameshafanya hivyo miaka mingi, bila Rogers na bila filamu. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Tofauti yao pia ni kubwa. Kwa Rogers mtu anatafuta kuwa yeye mwenyewe, na kundi likiisha kila mmoja anapanda gari lake anaenda. Katika Jamaa mtu anakuwa mtu kwa kuzaliwa na wengine, na mzazi haishi kuwa mzazi siku ya Jumapili.

Haikuwa mbingu. Tempels alirudi Ulaya mwaka 1962 na hakuishi tena Katanga. Alifariki Ubelgiji mwaka 1977. Vikundi vingine vilitoka njiani, vikashtakiwa kuchafua ndoa, na miaka ya 1970 maaskofu wakakaza masharti. Wengine wakafukuzwa Kanisani. Kufunguliana moyo bila mpaka kuna hatari yake, na hilo hata Wamarekani walilijua katika makundi yao.

Kisha ukaja mwaka 1992. Kikula, ambayo haikuwa kambi ya kampuni bali sité ya watu wa kila aina, ilikuwa imejaa familia zenye asili ya Kasai. Wazazi wao waliletwa na Union Minière na reli, watoto wamezaliwa hapa, wanasema Kiswahili cha hapa. Wakati wa gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI, watu hao walihubiriwa kuwa wageni. Waliitwa «bilulu», yaani wadudu. Mwezi wa Agosti, Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alipochaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, hasira ililipuka hapa Likasi. Nyumba zilichomwa na kuporwa. Makumi ya maelfu ya watu walijikuta kituoni cha gari la moshi na katika shule, wakingoja treni ya kwenda Kasai ambako wengi hawakuwahi kufika. Walingoja kwa majuma, wengine kwa miezi. Watoto walikufa pale, na wengine wakafa njiani.

Hakuna mafundisho yaliyozuia jambo hilo, wala ya Jamaa wala ya mwingine. Lakini lile neno bilulu linaeleza mengi kuliko piramidi. Kabla ya kumnyang'anya mtu nyumba yake na kitanda chake, walimnyang'anya kwanza jina la mtu. Njaa ya kituoni ilianzia mdomoni mwa wasemaji. Kwa hiyo si kweli kwamba heshima ni ngazi ya juu, ya walioshiba. Pale kituoni ilikuwa ngazi ya chini kabisa, na ilipovunjwa zote zilianguka.

Rogers mwenyewe, katika miaka yake ya mwisho, aliacha kidogo watu wa kujitafuta na kwenda penye chuki. Alikutanisha Wakatoliki na Waprotestanti wa Belfast, na miaka ya 1980 weusi na weupe Afrika Kusini. Watu walisikilizana, walilia. Sheria za ubaguzi zilibaki palepale mpaka zilipoondolewa kwa njia nyingine. Césaire angecheka tena, labda kwa uchungu zaidi.

Kwa familia zilizohama, mabishano haya si ya vitabuni. Fomu ya kuandikisha watu inauliza jina, tarafa ulikotoka, idadi ya watoto, umri wa mdogo. Anayesikiliza machungu ana fomu nyingine, na mara nyingi anayegawa unga ni mtu mwingine, wa siku nyingine, au hayupo kabisa. Mama anasimulia usiku aliokimbia, mtu wa shirika anarudia vizuri kwa maneno yake, anafunga daftari. Katika fomu hizo mbili hakuna mstari wa swali lile Tempels aliloshindwa kuliuliza kwa miaka kumi: wewe unataka nini? Wengi wangelijibu papo hapo, kwa maneno machache: kurudi shambani, au kiwanja hapa Kikula chenye karatasi.